Usubi Mpya Hapatikani Msituni

Gazeti likiandika kwamba mdudu mpya amegunduliwa msituni, picha huwa ni ileile: mtu kashika wavu, nyuma yake miti mirefu, ukungu umetanda. Picha inauza gazeti, lakini imekosea mahali pa tukio. Mwaka 2012 wanasayansi watatu wa Ufaransa, Fontaine, Perrard na Bouchet, walipiga hesabu ya muda unaopita tangu kiumbe kikusanywe porini hadi kipewe jina la kisayansi. Wastani ulikuwa miaka 21. Wapo waliokusanya wakiwa vijana na kustaafu kabla wadudu wao hawajapata jina.

Sisi tulio katika kazi hii tunajua kwamba msitu si mchoyo. Usiku mmoja tu, upepo ukitulia, mtego wa taa unaweza kurudisha mamia ya wadudu wasiozidi chenga ya mchele. Kinachokwamisha ni hatua inayofuata: kuthibitisha kwamba huyu uliyemshika si yule aliyekwisha kuandikwa na mtu mwingine, kwa lugha nyingine, miaka mia moja iliyopita, kwa sentensi mbili tatu zisizotosha. Spishi mpya huzaliwa hapo, mezani, na hapo ndipo pia hupotea. Nitaeleza kwa kumtumia mdudu ambaye watu wengi hawamtazami mara mbili ila anapowauma.

Usubi ninaomzungumzia ni wa familia ya Ceratopogonidae. Si yule inzi mweusi wa kwenye maporomoko ya mito anayeeneza upofu, ingawa mitaani wote huitwa usubi. Huyu ni mdogo zaidi, kwa kawaida milimita 1 hadi 3, na hupenya chandarua cha kawaida bila taabu. Aliyewahi kukaa karibu na mikoko jua likizama anamjua kwa mwasho kabla ya kumwona. Anayeuma ni jike peke yake, kwa kuwa anahitaji protini ili kukomaza mayai. Katalogi ya dunia iliyotolewa mwaka 2020 na Art Borkent na Patrycja Dominiak ina spishi hai zaidi ya 6,000, na jenasi moja tu, Culicoides, iliyoanzishwa na Latreille mwaka 1809, inabeba zaidi ya 1,300 kati ya hizo.

Msomaji asidhani wote hao wanamtafuta binadamu. Wanaotuuma ni wachache. Katika jenasi ya Forcipomyia kuna wanaonyonya viwavi, na wengine hung'ang'ania mishipa ya mabawa ya kereng'ende na kusafiri naye huku wakimnyonya. Baadhi ya Atrichopogon hufuata mbawakawa wenye sumu ya kuunguza ngozi, na sumu yenyewe ndiyo inayowavuta. Kuna Culicoides anophelis wa Asia, ambaye hamhangaikii ng'ombe wala mtu: anamsubiri mbu ashibe, kisha anamchoma mbu tumboni na kunywa damu aliyoikusanya. Majike wa jenasi nyingine kadhaa huwinda wadudu wenzao, na wapo wanaomfyonza dume katikati ya kujamiiana hadi akabaki ganda. Dasyhelea wao wametosheka na maji matamu ya maua. Na ni Forcipomyia wanaochavusha kakao. Ua la kakao ni dogo, limefunikwa kiasi kwamba nyuki anashindwa kulitumikia, kwa hiyo mkulima wa Kyela au wa Bundibugyo anategemea mdudu asiyemwona, ambaye mabuu wake huishi kwenye majani yanayooza, magogo ya migomba na maganda ya kakao yaliyotupwa. Anayefagia shamba lake likang'aa anawavunjia nyumba. Kwa taarifa tu: mabawa ya Forcipomyia yamewahi kupimwa yakipiga zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na sijui mnyama mwingine aliyerekodiwa kuwapita.

Msitu wa mvua unawafaa kwa sababu una maji yaliyotawanyika katika vishimo elfu. Tundu la mti lililojaa mvua, kitako cha mgomba uliokatwa, tunda lililoanguka, tope la ukingo wa kijito, kuvu, gamba la mti lililolowa: kila kimoja ni makazi ya mabuu wa spishi fulani, wakati mwingine wa spishi hiyo moja tu. Borkent na wenzake walifanya sensa ya inzi, mbu na jamaa zao wote wenye mabawa mawili katika kipande cha hekta 4 cha msitu wa mawingu huko Zurquí, Costa Rica. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalitaja spishi 4,332. Hekta nne! Sehemu kubwa yao hawakuwa na jina, na ilibidi kazi igawanywe kwa makumi ya wataalamu, kila mmoja na familia yake, maana hakuna binadamu mmoja anayeweza kuwajua wote.

Tuhamie kwetu, tuseme Amani, Usambara Mashariki, msitu uliochunguzwa tangu Wajerumani walipoweka kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mtego unaning'inizwa jirani na kijito, mita moja na nusu juu ya ardhi, wenye balbu ya urujuanimno, feni ndogo na chupa ya alkoholi chini yake. Mwingine unapandishwa juu kwenye matawi, na huo si ufahari. Katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, mnara wa chuma wa futi 120 uliosimamishwa mwaka 1960 uliwawezesha watafiti wa virusi kulinganisha wadudu wa chini na wa juu, na ilionekana wazi kwamba anayeuma nyani kwenye dari la msitu si lazima awe yule anayemuuma mkata kuni chini. Usubi nao wana ghorofa zao. Aliyetega chini tu ameona nusu ya nyumba.

Asubuhi chupa inapewa karatasi ndogo iliyoandikwa kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka katika alkoholi: mahali, majira ya nukta, mwinuko, tarehe, aina ya mtego, jina la mkusanyaji. Naisisitiza karatasi hiyo kwa sababu mdudu asiye nayo, hata angekuwa wa ajabu namna gani, hana thamani ya kisayansi. Nimeona makusanyo mazuri yaliyokufa kwa kukosa sentensi moja ya penseli.

Kisha maabara, na hapo ndipo subira inapoanza. Usubi hutambuliwa kwanza kwa mabawa: madoa meupe na ya kijivu ambayo mpangilio wake, kwa jicho lililozoea, hutenganisha makundi haraka. Lakini madoa hufifia mdudu akishapikwa kwa dawa, kwa hiyo bawa hupigwa picha mapema. Baada ya hapo nyama laini huyeyushwa, zamani kwa potashi, siku hizi kwa kimeng'enya kinachoacha ganda zima na kutoa DNA kwa wakati mmoja. Halafu mdudu wa milimita moja hupasuliwa kwa sindano: kichwa kando, mabawa kando, kifua kando, tumbo kando, kila kipande chini ya kioo chake juu ya slaidi moja, ndani ya balsamu ya Kanada. Njia ya fenoli na balsamu iliyoandikwa na Wirth na Marston mwaka 1968 bado ndiyo inayofuatwa na wengi. Fenoli huchoma ngozi na harufu yake haitoki shatini, lakini slaidi iliyotengenezwa vizuri inaishi kuliko aliyeitengeneza.

Ukiitazama slaidi hiyo kwenye hadubini unagundua kwamba maelezo ya spishi, yanayoonekana makavu yakichapishwa, ni ushahidi wa maisha. Kipapasio cha jike kina pingili 13 baada ya zile mbili za shinani. Juu ya baadhi yake kuna vishimo vidogo vyenye unywele ndani, na tunaandika ni pingili zipi zinavyo na zipi hazina. Huo si ushabiki wa kuhesabu. Wamarekani waliolinganisha spishi nyingi katika miaka ya 1960 na 1970 walikuta kwamba wanaonyonya ndege kwa kawaida wana vishimo hivyo kwenye pingili nyingi, na wanaonyonya wanyama wakubwa wanavyo kwenye chache. Ndege ni mdogo, yuko juu, harufu yake ni hafifu; ng'ombe hahitaji kutafutwa sana. Kwa hiyo mdudu aliyekufa, ambaye hakuna mtu aliyemwona akiuma, anaweza kukuambia alikuwa akimfuata nani. Pingili ya tatu ya palpi, kiungo kidogo cha kunusia kando ya mdomo, ina shimo la kunusia hewa ya kaboni dioksidi inayotoka puani mwa windo. Taya lina meno. Likiwa butu na bila meno, huyo hanyonyi damu hata kidogo, na jina la "usubi anayeuma" limempata kwa undugu tu.

Tumboni mwa jike kuna spamatheka, vifuko vigumu vya kahawia vya kuhifadhia mbegu za dume. Culicoides walio wengi wana viwili vinavyofanya kazi na cha tatu kilichodumaa. Kundi la Monoculicoides lina kimoja, Trithecoides lina vitatu. Umbo la vifuko hivyo, urefu wa shingo zake, uwiano wake, vyote hupimwa. Kwa dume hutazamwa viungo vya uzazi, vyenye umbo linalotofautiana sana baina ya spishi zinazofanana kwa kila kitu kingine. Tatizo ni kumwoanisha dume huyo na jike wake. Mtego wa taa hukamata zaidi majike. Madume hukutwa kwenye makundi yanayocheza angani, au hutoka kwa mabuu yaliyofugwa maabara. Mtu akiandika spishi mpya kwa jike mmoja bila dume, sheria inamruhusu, ila amemwachia mwenzake deni.

Sheria yenyewe, Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, haina masharti mengi kama watu wanavyofikiri. Jina liandikwe kwa herufi za Kilatini na liwe na sehemu mbili. Kuwe na maelezo yanayotofautisha. Tangu mwaka 2000 ni lazima mwandishi ataje kielelezo cha taipu kinachobeba jina, kwa kawaida kimoja kiitwacho holotaipu, na aseme kitahifadhiwa wapi. Tangu mwaka 2012 chapisho la kielektroniki linakubalika likisajiliwa kwenye ZooBank. Haidai kwamba makala ipitiwe na wataalamu wenzako. Haidai Kiingereza, wala tangu zamani haijadai Kilatini kwa wanyama. Maelezo ya usubi wa Amani yaliyoandikwa kwa Kiswahili yangekuwa halali kabisa mbele ya Kanuni; wahariri wa majarida ndio ambao wangeshtuka. Jambo moja ni nadra kusamehewa: jina la zamani hulishinda jipya, hata kama la zamani liliandikwa vibaya na jipya limeandikwa vizuri.

Hapo ndipo anapoingia Padri Jean-Jacques Kieffer. Alizaliwa Lorraine mwaka 1857, akafundisha Bitche, akafa huko mwaka 1925, na katikati akatoa majina kwa maelfu ya wadudu wadogo wa kila bara. Makusanyo yalimfikia, yeye akiandika bila kuchoka. Wakusanyaji Alluaud na Jeannel waliporudi Ulaya kutoka safari yao ya Afrika Mashariki ya 1911 hadi 1912, sehemu ya inzi wao wadogo ilimwangukia. Mwaka 1913 akachapisha, miongoni mwa wengine, usubi wa Nairobi aliyemwita Culicoides imicola. Maelezo yalikuwa mafupi, kama ilivyokuwa kawaida yake. Vielelezo vyake vingi vya taipu havionekani tena popote, na wataalamu wa kundi hili hawalitaji jina la padri bila kukunja uso kidogo.

Mwaka 1920 Carter, Ingram na Macfie, watafiti wa usubi wa Gold Coast, Ghana ya leo, waliandika usubi wao kwa uangalifu mkubwa zaidi na kumwita mmoja Culicoides pallidipennis. Hawakuwa na namna ya kumtambua mdudu huyo katika mistari ya Kieffer. Mwaka 1944, Onderstepoort karibu na Pretoria, R. M. du Toit alionyesha kwamba Culicoides ndio wanaoeneza ugonjwa wa ulimi wa buluu wa kondoo na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Mshukiwa mkuu alitajwa kama pallidipennis. Vitabu vya mifugo vikalibeba jina hilo kwa miongo. Baadaye ikathibitika kwamba pallidipennis ndiye yule yule imicola wa Nairobi. Kwa sheria ya utangulizi, jina la padri likarudi kileleni. Leo hakuna ramani ya ugonjwa huo kuanzia Rasi ya Tumaini Jema hadi Mediterania isiyotaja jina lililotolewa kwa maelezo ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza angerudishiwa akayaandike upya.

Kubadilisha jina katika vitabu ni usumbufu tu. Hasara ya kweli ilikuwa kwamba chini ya jina moja walikuwa wamejificha kadhaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Rudy Meiswinkel wa Onderstepoort aliwatenganisha ndugu wa imicola mmoja mmoja: bolitinos mwaka 1989, miombo mwaka 1991, loxodontis mwaka 1992. Majina yanajieleza. Miombo amepewa jina la misitu yetu ya miombo. Loxodontis hukulia kwenye kinyesi cha tembo. Bolitinos hukulia ndani ya mavi ya nyati na ng'ombe. Yupo pia tuttifrutti, ambaye mabuu wake wako kwenye matunda yaliyooza, na nampongeza aliyemchagulia jina kwa kuthubutu. Imicola mwenyewe hataki mavi yenyewe. Anataka udongo wenye unyevu uliorutubishwa kwa mavi, pale bomba linapovuja karibu na zizi.

Mfugaji akiambiwa akaushe madimbwi, amempunguza imicola na hajamgusa bolitinos. Daktari wa mifugo aliyewahesabu wote kama mmoja angedhani dawa imeshindwa, kumbe amemtibu mwingine. Sayansi ya majina, inayodhaniwa kuwa ya wazee wa makumbusho, imekaa hapo katikati ya zizi. Ulaya ilijifunza hivyo kwa gharama mwaka 2006, ulimi wa buluu ulipoibuka Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani, mbali kaskazini ya mipaka ya imicola. Waliokuwa wakimtafuta imicola hawakumpata, kwa sababu walioeneza walikuwa usubi wa huko huko, wa kundi la obsoletus.

Mfano wa pili ni wa msitu wenyewe. Mwaka 1905 Emil Goeldi, Mswisi aliyeongoza jumba la makumbusho la Belém kwenye mlango wa Amazon, alimwandika usubi anayeitwa leo Culicoides paraensis. Wakati ule alikuwa mdudu msumbufu tu, hana kesi. Nusu karne ikapita. Mwaka 1955 virusi vya Oropouche vikapatikana Trinidad katika damu ya mfanyakazi wa msituni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaonyeshwa kwa majaribio kwamba paraensis ndiye anayevibeba kutoka kwa mtu. Mabuu wake huzaliwa kwenye vitako vya migomba na maganda ya kakao, yaani msitu ukikatwa na shamba likaingia, yeye anaongezeka. Mwaka 2024 homa ya Oropouche ilivuka mipaka yake ya zamani, wagonjwa waliothibitishwa katika mabara ya Amerika wakapita 10,000, na Brazil ikatangaza vifo viwili, vya kwanza duniani kuhusishwa na virusi hivyo. Watu walioamka mwaka huo kutafuta mdudu huyo ni nani walikuta jina, michoro, makazi na historia vikiwasubiri. Goeldi hakujua anawaandikia nani.

Swali la siku hizi ni kama tunahitaji taabu yote hii, maana kuna DNA. Kipande cha jeni ya COI chenye herufi 658 husomwa kwa gharama ndogo na kutenganisha wadudu ambao jicho linawachanganya. Mwaka 2021 Sharkey na wenzake walitangaza kwa mpigo mmoja spishi mpya 403 za nyigu wa Costa Rica, nyingi zikielezwa kwa msimbopau wa DNA na picha, bila maelezo marefu ya mwili. Ulimwengu wa wataalamu uligawanyika na haujapatana. Hoja ya waliounga mkono ina uzito: misitu inakatwa haraka kuliko tunavyoandika, na kwa mwendo wa kupasua na kupima, wengi watatoweka bila jina.

Kwa usubi mimi nakataa, na sababu yangu ni Kieffer. Majina yake na ya wenzake wa enzi ile bado yanashika nafasi ya kwanza, na hayana DNA wala hayatakuwa nayo. Anayetangaza usubi mpya wa Afrika kwa herufi 658 pekee hawezi kusema kwamba si mmojawapo wa hao. Amekwepa ulinganisho badala ya kuufanya. Amerudia kosa la padri kwa mashine mpya: kuandika haraka, kwa ufupi, na kuwaachia wengine kazi ya kujua alikuwa akimzungumzia nani. Msimbopau ni shahidi mzuri sana. Unamwoanisha dume na jike, unaunganisha buu na mzazi wake, unakuonya kwamba mtego wako una spishi mbili pale ulipoona moja. Nautaka kwenye kila maelezo. Lakini uwe pamoja na spamatheka, palpi na bawa, maana hivyo ndivyo vilivyoandikwa mwaka 1913 na mwaka 1920, na huwezi kuwajibu wafu kwa lugha wasiyoijua.

Kulinganisha kunahitaji kuziona slaidi za zamani, na nyingi za Afrika ziko London, Paris, Tervuren na Washington. Mtaalamu wa Morogoro anayetaka kujua kama usubi wake ni mpya anahitaji nauli, viza na mwenyeji, au anahitaji mtunza makumbusho mwenye moyo wa kupiga picha na kutuma. Nimeshuhudia vyote viwili, ukarimu mkubwa na ukimya wa miezi. Haikuwa lazima iwe hivi daima. Mwaka 1971 Canute Khamala, Mkenya, pamoja na D. S. Kettle, walichapisha uchambuzi mpana wa Culicoides wa Afrika Mashariki, na hadi leo mtu akifungua chupa ya usubi wa ukanda huu huanza kwa kuutafuta. Nusu karne ni ndefu kwa kitabu cha kazi kukosa mrithi kamili. Watafiti wa Bergen waliotega msitu wa Mazumbai, Usambara Magharibi, mwaka 1990, walitoa humo spishi mpya nyingi za Chironomidae, binamu wa usubi wasiouma. Chironomidae walikuwa na timu nzima ya wanaowapenda. Ceratopogonidae hawakubahatika hivyo.

Vibali navyo vina nafasi yake. Kuna tume za sayansi, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, wakala wa misitu, mhifadhi wa hifadhi husika, na tangu Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kuna hesabu ya nani anafaidika na DNA inayosafirishwa. Wenzangu wa nje hulalamika, na mlolongo kweli unachosha. Mimi nalalamikia kitu kingine: kibali hueleza kwa kina kile kitakachotoka nchini na mara nyingi hakisemi neno kuhusu holotaipu itarudi lini na itawekwa kabati gani. Kabati si jambo dogo. Balsamu haihitaji jokofu, lakini slaidi zinahitaji chumba kikavu, zilale bapa, zisipigwe na jua, na awepo mtu aliyeajiriwa kujua iko wapi slaidi namba fulani mtu akiiulizia kutoka Pretoria. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yanao utamaduni huo wa kuhifadhi wadudu. Kwetu Tanzania vyuo vina makusanyo, ila mkusanyo unaomtegemea mhadhiri mmoja huyumba siku anapostaafu.

Ningekuwa na sauti katika kibali kimoja tu, ningeandika hivi: holotaipu ibaki katika nchi yenye msitu, pamoja na parataipu kadhaa, yaani vielelezo vya ziada vya spishi hiyo, za jinsia zote mbili, parataipu nyingine ziende London na Tervuren, ambako zitalala jirani na zile za 1920 na yeyote ataweza kuzilinganisha kwa alasiri moja, picha za kila slaidi, kwa ukuzaji unaoonyesha vishimo vya vipapasio, ziwekwe wazi bila malipo, na masalia ya chupa, wale mamia ambao hawakuchaguliwa, yarudi na karatasi yake ya penseli. Slaidi zilizokauka hupita posta ya kawaida zikiwa zimefungwa vizuri. Chupa ya alkoholi ndiyo inayosumbua uwanja wa ndege, kwa kuwa huhesabiwa mzigo wa hatari, kwa hiyo bajeti yake itengwe tangu siku ya kuomba fedha na si siku ya kufungasha.